Kulowesha, Kupoza na Kutuliza: Istilahi za Ufundi wa Kioo cha Tanuri

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa vitabu vya ufundi zimo zile zinazoonekana nyepesi kwa sababu maneno yake ni ya kila siku. Kitabu cha sheria au cha uganga humtisha mfasiri tangu ukurasa wa kwanza, naye kwa kutishwa huko hufungua kamusi na kuwauliza wenye ujuzi. Lakini kijitabu kinachosema kata, panga, osha, lowesha, poza, nani atakiogopa? Makala haya yanahusu kijitabu cha namna hiyo. Madhumuni yake ni kueleza jinsi picha ya kioo yenye matabaka mengi inavyotengenezwa ndani ya tanuri, na kuyapima maneno ambayo, kwa maoni yangu, Kiswahili kinayo tayari kwa ajili ya ufundi huo.

Miaka michache iliyopita mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi aliniletea tafsiri ili niikague. Chuo kilikuwa kimepata tanuri dogo la umeme la kuchomea vioo, pamoja na mwongozo wake wa Kiingereza uliotoka Marekani. Mwongozo ulikuwa umefasiriwa na mtu mwenye Kiingereza kizuri na Kiswahili kizuri zaidi. Hata hivyo kazi za wanafunzi zilikuwa zikipasuka. Nyingine saa mbili baada ya kutolewa tanurini, nyingine baada ya wiki nzima, zikiwa zimetua mezani bila kuguswa na mtu. Mwalimu aliamini kwamba kioo alichouziwa kilikuwa kibovu, na alikuwa amekwisha andika barua ya kulalamika. Nilipoisoma ile tafsiri nikakuta sentensi mbili zilizonisimamisha. Ya kwanza ilisema: "Osha tanuri kabla ya kuliwasha." Ya pili ilisema: "Lowesha kioo kwa saa mbili katika nyuzi 482."

Sentensi ya kwanza ilitokana na neno la Kiingereza ambalo kwa kawaida lina maana ya kuosha, bali katika ufundi huu ni jina la kitu, yaani unga mweupe wa kaolini na alumina unaokorogwa kwa maji na kupakwa juu ya rafu ya tanuri, ili kioo kilicholegea kisigande hapo. Kwa lugha yetu kitu hicho ni mpako, na kitendo chake ni kupaka: "Paka rafu mpako, uuache ukauke." Mfasiri alipoandika osha alimnyang'anya mwanafunzi kinga ya kazi yake, na papo hapo akamwelekeza kupeleka maji mahali penye nyaya za umeme. Mwalimu aliniambia kwamba walikuwa wakilipangusa tanuri kwa kitambaa kibichi kila asubuhi. Ilikuwa bahati kwamba swichi ilikuwa imezimwa kila mara.

Sentensi ya pili nayo ilitokana na neno ambalo maana yake ya nyumbani ni kulowesha, kama mtu anavyolowesha maharagwe usiku. Mafundi wa tanuri wa huko waliliazima kwa fikira kwamba kioo hukaa ndani ya joto kama maharagwe yanavyokaa ndani ya maji, mpaka joto likipenye hadi kiini. Kwao ni sitiari iliyokwisha zoeleka, kwetu haikufika. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mwenye busara, hakulowesha kitu chochote katika nyuzi 482. Alidhani ni kosa la mpiga chapa, akairuka sentensi nzima. Basi kuirukia huko ndiko kulikozivunja kazi za wanafunzi wake, kama nitakavyoeleza. Hapa Kiswahili hakihitaji sitiari yoyote: "Dumisha joto la nyuzi 482 kwa saa mbili." Nakiri kwamba nilishawishika kidogo kupendekeza kuatamiza, kwa kuwa kuku naye hudumisha joto lisilobadilika juu ya mayai yake, wenzangu walicheka, nami nikaliacha.

Makosa hayo mawili huonekana wazi mara tu mtu anapoyaonyeshwa. Kosa kubwa zaidi lilikuwa limejificha katika neno lisilo na kasoro yoyote kwa nje, nalo ni kuyeyusha.

Barafu ikifika nyuzi 0 za sentigredi huyeyuka. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327. Kabla ya kufika hapo kitu ni kigumu, na kikishapita hapo ni kiowevu. Kioo hakina mpaka wa namna hiyo. Kinapopashwa moto, mnato wake hupungua kidogo kidogo: kwanza ni kigumu kama tunavyokijua, kisha hulegea kama ngozi iliyokaa majini, kisha huwa mfano wa asali nzito, na mwisho, katika joto kali la matanuri ya viwandani, humiminika. Hakuna mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha kidole na kusema, hapa ndipo kilipoyeyuka. Kwa hiyo kitenzi kuyeyusha, ambacho ile tafsiri ilikitumia karibu katika kila ukurasa na kwa vitendo vilivyo mbalimbali kabisa, kilimwambia mwanafunzi kwamba kuna hali mbili tu, ya kuyeyuka na ya kutoyeyuka. Naye akaamini hivyo, akapandisha moto hadi mwisho kila mara. Ufundi mzima wa kioo cha tanuri umo katika hali zilizo kati ya hizo mbili, na kila hali inastahili kitenzi chake. Tarakimu nitakazozitaja ni za kioo cha mwongozo ule. Zisichukuliwe kuwa ni za kila kioo.

Baina ya nyuzi 620 na 680 hivi, bamba la kioo lililowekwa juu ya umbo la udongo hulegea na kushuka kwa uzito wake lenyewe, mpaka likafuata mwili wa umbo lile. Sahani nyingi za kioo cha rangi hupatikana kwa njia hii. Umbo la udongo tunalo jina lake tangu zamani: ni kalibu, neno la wahunzi na wasubu fedha. Kitendo chenyewe nakiita kulalia. Kioo hulalia kalibu, fundi hulaza kioo, na kazi hiyo ni ulazaji. Ile tafsiri ilisema "yeyusha kioo ndani ya bakuli la udongo", na matokeo yake ni kwamba wanafunzi walipandisha joto hadi nyuzi 800. Kioo kikaporomoka kutoka kingoni na kujikusanya chini kama tui lililoganda.

Joto likifika nyuzi 730 hadi 760, vipande vilivyopangwa juu ya bamba hushikana nalo, lakini kila kimoja hubaki na umbo lake. Pembe zake tu ndizo zinazopoteza ukali. Ukipitisha kidole juu yake utahisi mabonde na vilima. Kwa hali hii sikuona sababu ya kuunda neno jipya, maana washonaji wetu wanalo. Mshonaji huzishikiza pande mbili za nguo kwa nyuzi chache kabla ya kuzishona sawasawa. Kioo nacho hushikizwa. Mwalimu aliponisikia nikilitamka neno hilo alilikubali papo hapo bila maelezo, na kwangu hicho ndicho kipimo bora cha istilahi kuliko mjadala wa kamati.

Kuanzia nyuzi 804 hadi 816, vipande vyote huingiliana na kuwa mwili mmoja, na uso wa juu husawazika kama maji ya mtungini. Hapa ndipo nilipopata taabu. Kulehemu hakufai, kwa kuwa anayelehemu hutumia kitu cha tatu kushikanisha viwili, na hapa hakuna cha tatu. Kuunganisha ni pana mno; hata kushikiza ni kuunganisha. Nilichagua kuungamanisha, kutokana na kuungamana, na jina la hali yenyewe liwe muungamano. Wapo walionikumbusha kwamba msikiaji anaweza kudhani kioo kinaungama dhambi zake. Huenda, lakini maneno mengi ya Kiswahili huishi nyumba moja bila kugombana, na mazingira ya sentensi huyatenganisha.

Juu ya hapo ipo kazi ya kujaza kalibu kwa vipande vya kioo mpaka vikawa sanamu. Hiyo ni kusubu, neno linalotumika kwa madini, nami sioni kizuizi cha kulitumia kwa kioo.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu kioo chenyewe. Lugha yetu hutumia jina hilo hilo kwa maada, kwa kidirisha na kwa kitu cha kujitazamia, na wanafunzi wa chuo kile waliuliza kama ile picha ingekuwa na taswira zao. Wapo wanaopendekeza bilauri kwa maada, kwa kuwa asili ya neno hilo katika Kiarabu ni jiwe angavu. Lakini bilauri imekwisha kuwa chombo cha kunywea, sawa na gilasi iliyotoka katika Kiingereza, na neno lililokwisha kaa mezani ni vigumu kulirudisha mgodini. Kioo kibaki kioo. Kile kingine kiitwe kioo cha kujitazamia pale tu panapokuwa na hatari ya kuchanganya. Kuhusu tanuri, lipo pia joko, ambalo ni la wafinyanzi, nami naliachia wao. Tanuri tumelizoea katika kuchoma chokaa na kuoka mikate, na halina shida kupokea kioo.

Msomaji asidhani kwamba tunalitafutia Bara la Afrika maneno ya jambo lisilolijua. Katika bonde la Limpopo, mahali paitwapo K2 karibu na Mapungubwe, kaskazini ya Afrika Kusini ya leo, watu wa karne ya 11 na ya 12 walikuwa wakizichukua shanga ndogo za kioo zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, wakazilegeza kwa moto na kuzisubu katika kalibu za udongo, zikawa shanga nene za umbo la pipa. Nchini Ghana, mafundi wa Krobo hadi leo huzitwanga chupa kuukuu, hujaza unga wake katika kalibu za udongo zilizopakwa kaolini, na husimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati ya kila shimo. Moto hukiunguza kikonyo na kuacha tundu la kupitishia uzi. Bila shaka kila kitendo katika hivyo kina jina lake katika lugha za mafundi hao.

Katika nchi za Magharibi, ambako Warumi waliungamanisha vipande vya kioo tangu kale, sanaa hii ilififia kwa karne nyingi baada ya upulizaji wa kioo kuenea. Ilifufuliwa hasa katika karne ya 20. Frances na Michael Higgins walianza kuifanya mjini Chicago mwaka 1948, wakilaza mabamba yenye rangi kati ya tabaka na tabaka. Lakini kila aliyejaribu alikutana na kikwazo kimoja: vioo vya rangi mbalimbali vilivyounganishwa tanurini vilipasuka vilipopoa. Mwaka 1974 kilianzishwa mjini Portland, katika jimbo la Oregon, kiwanda kidogo cha kioo cha rangi kiitwacho Bullseye. Mwaka 1979 msanii Mjerumani Klaus Moje alikutana na wenye kiwanda hicho, akawaeleza kwamba angependa kupata mabamba ya rangi nyingi yanayoweza kuungamanishwa bila kupasuka. Katika miaka iliyofuata kiwanda kiliyatengeneza na kuyapima, na tangu hapo mtu mwenye tanuri dogo ameweza kufanya yale yaliyowashinda waliomtangulia. Moje mwenyewe alihamia Canberra, Australia, mwaka 1982, akaanzisha huko karakana ya kufundishia.

Sababu ya kupasuka ni hii. Kila kioo hutanuka kinapopata joto na hunywea kinapopoa, lakini si kwa kiasi kimoja. Kiasi hicho hupimwa kwa kizigeu cha mtanuko. Kioo cha mwongozo wetu kinatajwa kuwa cha 90, maana yake ni kwamba fito ya urefu wa mita moja ikiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 0.9. Hayo ni machache mno kwa jicho, lakini kioo cha dirisha hutanuka pungufu ya hapo, na vikiungamanishwa viwili hivyo kila kimoja hutaka kunywea kwa kipimo chake hali vimeshikana. Wanachuoni wa Kiingereza husema vioo hivyo havina upatanifu. Sisi tunalo neno tamu zaidi: havichukuani. Rangi ya kanga huchukuana na ya blauzi, au haichukuani nayo. Vioo vivyo hivyo. Nitumie nafasi hii kusema kwamba mtanuko na tanuri si ndugu, ijapokuwa sauti zao zinafanana. Tanuri ni la Kiarabu. Kutanuka ni la kwetu. Niliwahi kusoma mtihani wa mwanafunzi aliyeeleza kwamba tanuri huitwa hivyo kwa kuwa hutanua vitu, na nilisikitika kumnyima alama kwa wazo zuri kiasi hicho.

Sasa picha yenyewe. Zoezi la mwongozo lilikuwa mandhari ya milima, matabaka manne ya kioo, kila moja la milimita 3, milima ya mbali ikiwa chini na ya karibu ikiwa juu, ili mtazamaji aone kina cha kweli. Wanafunzi waliiacha milima wakachagua bahari na ngalawa, na mwalimu hakuwakataza.

Kazi huanza kwa kukata, ingawa kwa hakika kioo hakikatwi. Fundi hukipiga mtai kwa kikatio chenye gurudumu dogo la chuma, yaani hukikwaruza mstari mmoja mwembamba, kisha hukivunja kwa kukikunja kidogo kwenye mstari huo. Kupiga mtai ni neno kongwe, na linamwonya mwanafunzi asikandamize. Baada ya hapo kila bamba huoshwa (hapa ndipo pa kuosha) na kukaushwa, maana alama ya kidole huchomekea ndani ya picha na haitoki tena. Chini huwekwa bamba angavu. Juu yake hunyunyizwa chenga za kioo za rangi ya mawingu. Kioo kilichopondwa huuzwa kwa ukubwa mbalimbali, na jina chenga, kama chenga za mchele, linakitosha. Kile laini kabisa ni unga, na mwenye kukichekecha hana budi kuvaa barakoa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Kisha huja bamba la pili lenye bahari ya mbali, la tatu lenye tanga, na la nne lenye mawimbi ya karibu. Kamba na milingoti hufanywa kwa fito nyembamba za kioo, ambazo baadhi yake hazizidi unene wa milimita moja.

Rangi nazo zina tabia zake. Kioo chenye shaba, kwa mfano zile rangi za feruzi, kikigusana na kioo chenye salfa, huacha mstari wa kahawia au mweusi mahali vilipogusana. Si kosa la kuchukuana, wala hakivunji kitu, ni kemia. Fundi asiyejua huona uchafu, anayejua huutumia kuchora ufuo.

Kioo kilichoungamanishwa, kikiachwa huru, hupenda kuwa na unene wa milimita 6 hivi. Bamba moja la milimita 3 hujivuta kutoka kingoni na kunenepa. Matabaka manne, yaani milimita 12, hutapakaa mpaka yakonde. Kwa hiyo picha yetu haina budi kuzungushiwa kingo za udongo mgumu zilizofunikwa kwa karatasi ya tanuri, ambayo haiungui. Tanuri huwashwa pole pole, kwa sababu tabaka la juu hulikinga la chini lisipate joto mapema, na kioo kinachopata joto upande mmoja hushtuka. Mshtuko wa joto ni jina lililo wazi; hata mwenye kumimina chai ya moto katika gilasi ya baridi analijua. Karibu na nyuzi 660 joto hudumishwa kwa muda, ili kioo kilichokwisha kulegea kijilaze pole pole na kuisukuma hewa iliyo baina ya matabaka itoke kandokando. Ikibaki ndani huwa viputo, na kiputo kikubwa katika nyuzi 800 hupasua uso wa picha kama jipu. Hatua ya kupita baina ya nyuzi 700 na 760 isicheleweshwe bila sababu. Kioo kinachokawia huko huanza kuota fuwele usoni, na hutoka tanurini kikiwa na weupe hafifu usiofutika. Mafundi wataliita jambo hilo ukungu, na mimi nitawafuata katika mwongozo wa karakana. Fuwele nitaliweka katika kitabu cha kemia.

Joto hufika nyuzi 804, hudumu dakika kumi hivi, na muungamano umekamilika. Kisha tanuri huachwa lishuke upesi mpaka nyuzi 482, na hapo ndipo tunaporudi kwenye sentensi iliyorukwa.

Kioo kinapopoa, uso hutangulia na kiini hufuata. Uso ukishakuwa mgumu huku kiini kikiendelea kunywea, sehemu mbili za kitu kimoja huvutana, na mvutano huo hubaki ndani kwa namna ya mkazo. Jicho halioni kitu. Ukikiweka kioo hicho baina ya vichujio viwili vya aina inayochuja mwanga wa upande mmoja, utaona mng'ao kama wa mwezi penye mkazo. Bila vichujio, utasubiri mlio wa kualika usiku wa manane. Dawa yake ni kudumisha joto mahali ambapo kioo ni kigumu kiasi cha kutobadili umbo, bali bado kina ulegevu wa kutosha kuuachilia mkazo, mpaka uso na kiini viwe na joto moja. Halafu kukishusha taratibu. Ile tafsiri ilisema "poza". Kila kitu hupoa, hata kikitupwa sakafuni. Neno ninalopendekeza ni kutuliza, na kazi yake utulizaji: kioo kimehangaika, nasi tunakituliza. Fundi akiambiwa "poza kwa saa mbili" atazima tanuri na kwenda kula. Akiambiwa "tuliza kwa saa mbili katika nyuzi 482" atajua kwamba tanuri bado liko kazini.

Kwa picha ya milimita 12, saa hizo mbili hufuatiwa na kushuka kwa nyuzi 55 kwa saa hadi nyuzi 427, kisha kwa nyuzi 99 kwa saa hadi nyuzi 371, na baada ya hapo tanuri lililofungwa hupoa lenyewe. Unene ukiongezeka mara mbili, ukawa milimita 25 hivi, utulizaji huwa wa saa nne na mwendo wa kushuka huwa nyuzi 15 tu kwa saa, maana ugumu wa kupoza haukui sambamba na unene bali hukua kwa kipeo chake cha pili.

Mwendo huo ulinifunulia kosa la mwisho, ambalo si la maneno. Mwongozo wa Marekani hutumia vipimo vya Farenhaiti. Mfasiri alitumia kanuni tuliyofunzwa shuleni: ondoa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Kwa joto la mahali fulani kanuni hiyo ni sahihi, na nyuzi 900 za Farenhaiti huwa 482 kweli. Lakini mwendo wa joto si mahali. Ni tofauti baina ya mahali pawili, na katika tofauti ile 32 haihusiki. Nyuzi 100 za Farenhaiti kwa saa ni 56 hivi za sentigredi, siyo 38. Na pale mwongozo uliposema nyuzi 27 kwa saa, ambazo ni 15, tafsiri iliandika "hasi 3". Mwalimu aliniuliza kama maana yake ni kupandisha moto tena. Swali lilikuwa la haki kabisa.

Barua ya malalamiko haikupelekwa. Tafsiri mpya imekwisha kutumika kwa mihula miwili, na picha ya ngalawa imetundikwa dirishani mwa ofisi ya chuo. Mwalimu ameniandikia kwamba maneno kulalia, kushikiza, chenga na kutuliza yameingia vinywani mwa wanafunzi bila kulazimishwa. Kuungamanisha hawalisemi. Wanasema kuiva: "picha imeiva." Ameniuliza kama anapaswa kuwasahihisha. Nimemjibu kwamba asubiri, nami pia nasubiri maoni ya wasomaji, hasa wale walio karibu na matanuri.